Mama, Leseni na Jicho la Wavu

Nyumbani,
Chumba cha juu, nyuma ya karakana ya mashua.
14 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo umeacha kukusumbua? Na wa kwako hawajambo? Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama umewahi kuona mashua inayojiendesha.

Unauliza kama ukija likizo utavua ziwani bila kibali kwa kuwa ulizaliwa hapa. Nilicheka peke yangu. Siku hizi hata wa ndoano moja, wa kujiburudisha tu, lazima akate leseni, na ile miezi miwili ya samaki kuzaa hairuhusiwi kutia chambo majini. Mama anasema samaki hawajui ulizaliwa wapi.

Lakini nina jambo zito zaidi, nalo ni kosa langu.

Miaka yote fundi wa mashua ndiye aliyemjazia Mama fomu ya leseni. Mwaka huu nikasema niachieni mimi, nimesoma. Fomu iliuliza ukubwa wa jicho la wavu. Nikachukua rula, nikapima upande mmoja, fundo hadi fundo, nikaandika inchi mbili na nusu. Sheria haitaki chini ya tano. Baada ya wiki ikaja barua kutoka ofisi ya uvuvi: wavu usalimishwe, leseni isimamishwe. Katikati ya msimu, Mjomba! Bila leseni mashua haitoki, na mashua hiyo ndiyo iliyonisomesha.

Mama hakunigombeza. Aliloweka wavu kwenye beseni, maana wavu hupimwa ukiwa umelowa, akajitwika hadi ofisini, nami nyuma yake nikitamani ardhi inimeze.

Afisa uvuvi, ambaye wote humwita Bwana Samaki, alianza kwa ukali. "Mama, mbili na nusu mmeandika wenyewe."

"Huo ni ubavu tu, mwanangu. Jicho la mtu hupimwa likiwa wazi, la wavu hupimwa likiwa limefumba." Akalivuta kwa vidole mpaka pande zikalaliana. "Lete rula yako."

Tano na kidogo. Bwana Samaki akapima mengine matatu, kisha akaanza kucheka. "Sasa nani alijaza fomu hii?"

"Leseni ina jina langu," Mama akajibu. "Kosa ni langu."

Mjomba, kanuni ile ya kupima imo kwenye fomu yenyewe, ukurasa wa pili. Niliiruka kwa sababu nilidhani jicho ni jicho. Tangu siku hiyo namtazama Mama akishona nyavu na najiona nimeanza shule upya.

Tulipewa fomu nyingine. Fundi wa mashua alikuwa ametufuata, kalamu sikioni, tayari kabisa. Mama akampita, akaiweka mapajani mwangu.

"Andika tano. Halafu nisomee yote, neno kwa neno, kabla sijatia sahihi."

Nikasoma kwa sauti, ofisi nzima ikisikiliza. Muhuri uligongwa mchana huohuo, na alfajiri mashua ikatoka.

Mama anamsalimu wifi yake sana, na mapacha pia. Fundi anauliza kama bado unaogopa maji ya kina.

Mungu akupe afya na njia nyeupe ya kurudi. Fomu yako ya ndoano nitakujazia mimi, Mama ameniruhusu.

Mpwa wako akupendaye.