Rangi ya Kucha Ndani ya Tochi

Jumatatu, 3 Machi

Umeme haujarudi. Niko mlangoni na tupa, nasugua meno ya kichwa cha tochi. Aliyeniuzia sokoni alisema ni meno ya kujitetea, ya kumpiga mtu usoni. Mimi yamenichania mfuko wa sketi ya shule tu. Sasa kichwa ni laini kama mdomo wa kikombe.

Kimebaki kibonyezo. Kinajibonyeza chenyewe ndani ya begi, jioni nakuta betri imekufa. Nitakizungushia pete ya kifuniko cha chupa, kidole tu kiweze kuingia.

Mama amepita. "Weye na ile tochi yako. Sahani ni nani atasukula?"

Nimekwenda kuosha sahani.

Jumatano, 5 Machi

Betri zake tatu ndogo nimezitupa. Nimeweka moja nene ya kompyuta iliyokufa, niliyopewa na fundi wa redio. Ilikuwa inacheza ndani, nikaifunga kwa karatasi ya interro, lile jaribio la kemia. Ile niliyoanguka. Angalau imefaa kitu.

Halafu springi ya nyuma. Nimepitisha waya wa shaba juu yake ili umeme usichelewe. Shuleni huko kuchelewa kunaitwa résistance, nimeijibu vizuri kwenye mtihani, lakini leo ndiyo nimeiona kwa macho. Mwanga umefika mpaka ukuta wa parokia. Kidole kimeungua. Haidhuru.

Mpini nimeuvisha kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Kishikizo cha mkanda nimekikunja kutoka spoki.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Siitaki kwa ajili ya wezi. Natoka shule giza likiingia, na vijana wanakaa pale relini. "Ni nani huyo? Mbona hausalimie?" Kwangu kusalimia watu ni kama kumeza mchanga. Nikiwasha, wanaona mwanga, hawanioni mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua yote ya jana iliingia ndani ya tochi. Nimeikausha, nikapaka verni ya Mama, ile nyekundu ya kucha, kwenye nyuzi za kifuniko cha nyuma. Nikafunga. Nikaizamisha ndani ya ndoo.

Inawaka chini ya maji. Nimebaki nikiitazama kama mjinga.

Jumapili, 9 Machi

Yaya Trésor, kaka yangu mkubwa, amekuja kutoka Kambove. Anachimba madini kwenye shimo la mtu wanayemwita PDG, kama wanavyowaita wenye mashimo wote. Tochi yake imeharibika. Ameona yangu.

"Nani alikutengenezea?"

"Ni minye mwenyewe."

Amecheka. Tayari alikuwa ameitia mfukoni. "Naazima tu, mudogo."

Nimemwangalia Mama. "Mupatie. Weye unaenda ku masomo, yeye anaenda chini ya udongo."

Ni kweli. Ndiyo maana inauma.

Jumanne, 11 Machi

Nimezunguka barabara ya soko ili nisipite relini. Nimechelewa. Nimegombezwa.

Baadaye Trésor amepiga simu. Mama anaweka simu sauti nje siku zote, tunasikia wote. "Mama, banasifu ile tochi sana. Nilibaambia ni minye niliitengeneza na mikono yangu."

Mama ameniangalia. Kisha amesema, "Ni vizuri, mutoto wangu."

Bukari yangu, ule ugali wa jioni, nimeiacha kwenye sahani. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jumamosi, 15 Machi

Trésor amerudi. Bila tochi.

Aliifungua mbele ya wenzake kuwaonyesha betri. Mmoja akaona mviringo mwekundu, akaunusa. Verni. Kitu cha mwanamke ndani ya shimo. Kule mwanamke haingii, wala kitu chake hakiingii, wanasema madini yanakimbia. Na shimo lao wiki hii halijatoa kitu. Wote wakamgeukia.

Angeweza kusema dada yake ndiye aliyeitengeneza, yeye hakujua. Lakini alishajisifu kuwa ni mikono yake. Basi verni nayo ikawa ya mikono yake. Sasa wanamwita Mama Trésor. PDG amemfukuza, na tochi ameichukua, amesema ataichoma moto.

"Uliniuwa," Trésor ameniambia. "Unajua? Uliniuwa."

Jumapili, 16 Machi

Kabla ya chakula Mama amesema, "Omba yaya yako pardon. Piga magoti."

Nimepiga magoti. Nimeomba. Trésor alikuwa anaangalia simu yake.

Namchukia. Ndani ya misa niliomba lile shimo libaki tupu milele. Halafu nikakumbuka unga wetu unatoka mle. Nikajaribu kulifuta ombi. Sijui kama yanafutika.

Alhamisi, 20 Machi

PDG amekuja kwetu na pikipiki. Mama alimpigia simu kumbembeleza. Amekaa kwenye kiti chetu kizuri. Nimemletea maji kwenye sinia, na pale kwenye mkanda wake nimeiona. Spoki yangu. Mpira wangu wa baiskeli.

Hakuichoma. Amekwangua verni tu. Basi.

Giza lilipoanza aliiwasha kutafuta ufunguo wake sakafuni. Nyumba nzima ikawa nyeupe. "Iyi tochi iko na nguvu," amesema. "Trésor, mikono yako ni mizuri. Utarudi kazini siku ya kwanza, Jumatatu. Lakini verni, mambo ya babibi, uache."

"Ndiyo, PDG."

Trésor ameniangalia mimi. Mara moja tu. Alikuwa anaogopa. Neno moja langu, "ni yangu", na anabaki nyumbani.

"Na huyu binti haseme?"

"Ni mudogo wangu. Iko na haya."

Wamecheka, hata Mama. Nimerudisha sinia jikoni. Nimenyamaza ili kumwokoa, au nimenyamaza kwa sababu ndivyo nilivyo? Nimekaa na swali hili tangu jioni. Nadhani ni la pili.

Jumatatu, 24 Machi

Trésor ameondoka asubuhi. Ameacha tochi mpya juu ya kitanda changu, ndani ya plastiki yake. Sijaifungua. Mama ameichukua, anaitumia kutafutia makaa.

Nimerudi kwa miguu, gizani. Sikuzunguka soko, nimechoka kuzunguka, nimeshika njia ya relini. Kwenye kona, kabla ya reli, kuna mama anayechoma mahindi. Alisikia viatu vyangu, hakuona uso.

"Ni nani?"

"Ni Clarisse."

"Clarisse gani?"

Nilipandisha begi begani.

"Wa Trésor."

"Aa. Pita, mama."

Nikapita.