Mahindi ya Vita

Kalisto, ndugu yangu,

Kiti chako nakikalia mimi sasa. Usishtuke huko uliko, nilichaguliwa kwa kura halali, na walionipinga walikuwa wachache, tena wengi wao ni shemeji zangu. Kiti bado kinalia upande wa kushoto ninapoegemea, na kila kinapolia wajumbe wanatazamana na kucheka, maana wanakumbuka ulivyokuwa ukiegemea makusudi mtu akisema jambo usilolipenda.

Mama Deo aliniambia kama nina maneno na wewe niende makaburini nikayaseme. Nilikwenda. Nikakaa kwenye majani, nikaanza kukusimulia, nikafika mahali pa kuchekesha nikacheka, na wanawake waliokuwa wanatoka kisimani wakasimama na ndoo zao kichwani kunitazama. Mwenyekiti wa kijiji anacheka peke yake makaburini! Basi nikaona heri nikuandikie.

Hujasahau, najua, ule mwaka maksai walipoibwa upande wa kanisani, na nyayo zikaonekana zinateremka kuelekea bondeni, Mtowisa. Ulitaka vita. Wewe uliiita operesheni, lakini mgambo walikuwa wananoa mikuki mchana kweupe. Ulitaka halmashauri ya kijiji ifungue ghala, mahindi ya shamba la kijiji yawe chakula cha mgambo watakaoshuka kwa wafugaji wa Kisukuma, na mengine yauzwe kwa wale wanunuzi wanaokuja na malori tangu serikali iruhusu kila mtu kununua mahindi, wale wenye madebe yaliyotuna kama wajawazito. Mahindi ya vita, ukayaita. Na ndiyo hayohayo tuliyokuwa tumeyapangia bati za zahanati.

Nilisimama mimi kukupinga. Nikasema ghala likishafunguliwa kwa ajili ya vita, hakuna atakayejua kulifunga. Mikono ikanyooka upande wangu, ukapiga meza. Wajumbe wakaona haitoshi, wakaamua ufunguo wa ghala utoke kwa mwenyekiti ukae kwa mjumbe, na mjumbe huyo ni mimi. Ulinikabidhi huku umegeuza uso kama mtoto anayenyweshwa dawa.

Tangu hapo kila asubuhi ukienda shambani ulisimama mbele ya nyumba yangu. "Desderi, ufunguo." Nami nakujibu, "Kalisto, chai." Ukaingia, ukanywa chai yangu na kiazi changu, ukanitukana vizuri, ukaenda zako kulima. Asubuhi zile nazikosa kuliko kitu chochote. Siku hizi Mama Deo ananipimia chai ya mtu mmoja na bado namwambia ni nyingi.

Mwisho wake Mzee Masanja, yule mfugaji mkubwa wa bondeni, akapanda mlima mwenyewe na wanawe wakiwaswaga maksai wetu. Aliwakuta mikononi mwa wezi waliokuwa wanawapitisha, akawatambua kwa alama ya sikio, hakutaka jina la wafugaji wote lichafuke. Mimi nikasema wajumbe ndio waliotuepusha na vita. Wewe ukasema hapana, habari za maandalizi yako zilifika bondeni na watu wakaogopa. Tulibishana hilo mpaka ulipolazwa. Hata hospitali, huna nguvu ya kushika kikombe, ulinikonyeza ukasema, "Waliogopa." Ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Watu wengine huachiwa wosia, Kalisto. Mimi nimeachiwa ubishi, na wa kubishana naye hayupo.

Sasa nikusimulie mazishi yako, maana najua hukuyaona vizuri. Kaburi limechimbwa, katekista amefungua kitabu, jeneza liko chini ya mti wa mkaratusi. Mara Mzee Masanja akatoka kwenye umati, akavua makubazi, akashuka kaburini, akalala chali na kukunja mikono kifuani. Alijitangaza mtani. Nani alimpa utani? Alijipa mwenyewe. Alisema Wafipa na Wanyamwezi ni watani tangu zamani, Mnyamwezi na Msukuma ni ndugu, kwa hiyo hesabu imekamilika. Kisha akaanza kulalamika kutoka humo shimoni: "Nyie Wafipa waongo sana! Huyu mwenyekiti wenu aliniahidi vita. Nimesubiri, nimenoa panga, nimezeeka, vita haiji, mara naambiwa amekufa! Mimi sitoki humu. Leteni mahindi yangu ya vita!"

Katekista akakasirika, akasema tunachezea ibada. Lakini wazee wakasema mtani akidai hutolewa haja yake, ndiyo desturi. Na ufunguo ninao mimi! Nikakimbia na suti ya mazishi mpaka ghalani, nikarudi nimebeba debe la mahindi begani, nikaliweka ukingoni. Masanja akainuka, akachota, akayanusa, akasema yana fukusi, lakini kwa heshima ya marehemu anayapokea. Hapo mkeo alicheka. Tangu ulipokata roho hakuwa amesema neno, tulikuwa tunamwogopea, na alicheka mpaka khanga ikamwanguka begani. Halafu ndipo akalia vizuri, kilio cha mtu anayejua amempoteza nani. Sote tukalia naye.

Basi ndivyo mahindi yako ya vita yalivyoanza kutumika, ndugu yangu. Yalilipwa kwa adui, kaburini kwako, kwa mkono wangu.

Nilipochaguliwa mwenyekiti ufunguo usingeweza kubaki kwangu, kwa sheria ileile tuliyokutungia wewe. Akapewa Skolastika. Ndiyo, Skola wako, binti yako. Amerudi kutoka mjini, Kizwite, alikokuwa anauza mitumba, analima kile kipande chako cha mtoni, na wanawake wamempigia kura kuwa mjumbe. Ana sauti yako, lakini hapigi meza. Afadhali angekuwa anapiga meza.

Mwanzo wa mvua hizi niliamka nikakuta zizi wazi. Kapteni na Mpole, maksai wangu, hawapo. Unawajua, uliwaazima kwangu mara ngapi ukawarudisha wamekonda. Nyayo zimeteremka bondeni. Watu wote wameanza kulima, na mimi nimesimama na jembe la kukokotwa lisilo na wa kulikokota. Kalisto, nilipata hasira ambayo sikujua naweza kuwa nayo. Niliitisha kikao siku ileile.

Sikusema vita. Nilisema ulinzi. Nikaomba mahindi ya ghala kwa ajili ya mgambo watakaoshuka, na nje ya dirisha vijana walikuwa wameshajiandikisha, wa kwanza wao Deo wangu, mkuki begani, amevaa buti zangu. Nilijivuna nilipomwona, sikufichi.

Skola alikuwa ameniamkia mlangoni, "Shikamoo Baba Mdogo," kwa adabu zote, hata akanifutia kiti. Kikao kilipoanza akanyoosha mkono. "Mheshimiwa Mwenyekiti, wakishuka watapigana na nani? Tutajieni jina lake." Nikasema watajua hukohuko. Akasema, "Na wakirudi pungufu, mahindi yatakayobaki tutayapikia matanga ya nani?" Alisema hivyo akitazama dirishani, na dirishani alikuwa amesimama Deo. Kura zikapigwa, nikabaki peke yangu. Hata yule mjumbe niliyemwazima baiskeli hakuniunga mkono.

Nilipiga meza. Mkono umeniuma mpaka leo, sijui wewe ulikuwa unatumia upande gani wa kiganja.

Nilikaa nyumbani nimenuna. Nikashuka mjini, Chanji, kununua betri za redio, nikidhani nikisikia mambo ya dunia nitasahau ya kwetu. Nawasha, taarifa ya habari ya kwanza: rais wa nchi moja kubwa ng'ambo anavutana na wabunge wake juu ya fedha za vita. Rais anasema bila fedha askari watakwama. Wabunge wanasema hawatoi mpaka awaeleze askari watarudi lini. Nilimwonea huruma yule mtu, nikamwambia kwenye redio, "Pole, mheshimiwa, mimi wangu ananiamkia kwanza." Mama Deo alikuwa anapepeta ulezi, akacheka mpaka ungo ukamtoka. Akaniuliza kama nami nimemjibu Skola swali lake. Nikazima redio kuokoa betri.

Kikao kilichofuata wajumbe walikuja na uamuzi wao wameshaupika. Mgambo hawashuki. Mwenyekiti ashuke mwenyewe, pamoja na mjumbe mwenye ufunguo, waende kwa Mzee Masanja kama watu waendavyo kwa mtani, na wasiende mikono mitupu, wachukue debe moja. Wa kulibeba debe, Skola akamchagua Deo. Akamwambia aache mkuki nyumbani kwa sababu mikono yote miwili itahitajika.

Tulishuka. Unajua joto la kule, nilianza safari na sweta na nikafika nimelifunga kiunoni kama mchezaji mpira. Masanja alikuwa amekaa nje ya boma lake. Akatutazama, mzee mmoja anayehema, msichana mmoja, kijana mwenye debe kichwani. "Eee Mwenyekiti," akasema, "hili ndilo jeshi? Bora nijisalimishe tu!" Alicheka mpaka mbwa wakabweka. Kisha uso ukabadilika, akatueleza. Wanawe walikuwa wameona wageni wakipitisha mifugo pembezoni mwa mashamba ya mpunga, wakawafuatilia. Mpole walimpata. Kapteni alikuwa ameshachinjwa. Nililia, Kalisto, mbele ya Msukuma. Hakunitania hata neno moja.

Wakati wa kuondoka akatoa dume moja kutoka zizini kwake, akasema lifungwe nira na Mpole mpaka msimu uishe, na mwanawe Shija aende nalo, kwa sababu ng'ombe wake hajui Kifipa, atahitaji mkalimani.

Hivi ninavyokuandikia wako shambani. Shija anaongoza mbele, Deo ameshika jembe nyuma, wanabishana mpira kwa sauti ambayo naisikia mpaka hapa barazani. Wamemaliza tuta baada ya tuta na hawajanyamaza. Wakirudi watakula ugali wote wa nyumba hii, na Shija anasema wa kwetu ni mgumu, ila anaongeza tonge.

Nimewatazama muda mrefu leo. Ningepewa ufunguo siku ile, mmoja wa wale vijana asingekuwa hai, na chakula chake cha njiani ningekuwa nimekitoa mimi. Ndipo nikaelewa jambo ambalo katika miaka yote ya kugombana na wewe sikuwahi kukwambia. Sikukunyima mahindi yale kwa sababu ya bati. Nilikunyima kwa sababu nilikupenda, na sikutaka uje uzeeke na jina la mtoto wa mtu kichwani mwako.

Ulizeeka kidogo sana, lakini ulilala mikono yako safi.

Kwaheri, Kalisto. Pumzika, na huko kama kuna kikao, usiombe uenyekiti. Nakuahidi kitu kimoja tu. Siahidi kwamba sitaomba tena mahindi ya vita, najijua, siku nikikasirika nitaomba na meza nitaipiga. Nakuahidi kwamba ufunguo ule hata nikipewa sitaupokea. Utakaa kwa mtu anayethubutu kuninyima, na kwa sasa mtu huyo ana pua yako.

Mpinzani wako,
Desderi