Kofia, Nyundo, Chungwa, Kijani

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la chaki kimekuachia. Mimi mwili haujambo. Baba anakula, analala, na uvimbe wa miguu umepungua. Hayo mengine ndiyo yaliyoniweka mezani tangu asubuhi na karatasi hii, maana unanijua, hata salamu hutolewa kinywani mwangu kwa kuvutwa.

Barua yako niliipata. Nilimsomea Baba pale uliposema unajivunia alama zake za kliniki, na kwamba mwanafunzi wako huyu mwenye mvi amewashinda wote wa darasani kwako. Alicheka sana. Halafu ukaniagiza nimrudishie ufunguo wa kibanda chake cha kunyolea, kwa sababu mtu aliyefaulu hazuiwi kazi yake. Kaka, sijampa. Ninao shingoni, kwenye uzi, ndani ya gauni. Sijawahi kukukatalia neno, kwa hiyo nakuomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unakumbuka mambo yalivyoanza. Baba alimnyoa mwenye bucha upande mmoja wa kichwa, akaweka mashine chini, akatoka kama anayekwenda kumwaga maji, akaenda zake moja kwa moja. Mwenye bucha alikaa na shuka shingoni akisubiri, mpaka waliokuwa kwenye benchi wakamwambia asihangaike, hiyo ndiyo mitindo ya siku hizi. Mtaa mzima ulicheka. Sisi tulicheka kidogo tu, maana tulijua kwamba virusi vilivyomchukua Mama anavyo Baba pia, na kwamba tangu tumzike Mama alikuwa ameacha kwenda kuchukua dawa zake.

Daktari wa kliniki, yule mama wa miwani inayoning'inia kifuani, alitueleza wote watatu. Alisema virusi vikiachwa huingia mpaka kwenye ubongo na kuila akili polepole. Alisema dawa za kufubaza virusi zipo, ila hawajui kwa hakika zipi zinaufikia ubongo vizuri zaidi, ndiyo maana wanalinganisha aina mbili. Wagonjwa wengine wanapewa za aina hii, wengine za aina ile, na kila wanaporudi wanapimwa damu na akili. Ikionekana mtu anarudi nyuma, anachunguzwa zaidi na kubadilishiwa dawa. Baba alikubali, akatia sahihi yake ile ya mikogo, akamtania daktari kwamba nywele zake zinahitaji fundi.

Kipimo chenyewe cha akili ulikiona. Kugonganisha vidole viwili haraka haraka. Kupiga meza kwa ngumi, kisha kwa kiganja, kisha kwa ubavu wa mkono. Na yale maneno manne ambayo daktari anayasema mwanzoni na kuyadai mwishoni: kofia, nyundo, chungwa, kijani. Siku ya kwanza Baba alikumbuka moja. Nilikuona ulivyoinama.

Likizo nzima ukamfundisha. Mlikuwa mkitembea uani, yeye mbele wewe nyuma, mkitaja maneno yale kama majedwali ya kuzidisha, na akikosea mnaanza upya. Uliporudi kazini ukaendelea kwa simu kila jioni. Uliniambia ubongo ni kama mguu uliovunjika, ukizoezwa unapona. Mimi niliamini. Kwa njia hiyohiyo ulinifaulisha hesabu, ingawa mpaka leo mtu akiniuliza kipeuo cha pili ni nini nitaanza kutazama viatu vyangu.

Alama zikapanda. Daktari alifurahi waziwazi. Alisema damu ya Baba ni safi, virusi havionekani, na kwamba kumbe dawa hizi za kundi lake zinafanya kazi kuliko walivyodhani. Kila mara aliniuliza hali ya nyumbani ikoje. Baba alikuwa amekaa hapo hapo, ameshika kofia yake magotini, ananitazama. Ningesema nini mbele yake? Nilisema hajambo.

Lakini Kaka, hakuwa hajambo. Nilikuwa nakuta viatu vyake ndani ya sufuria. Nilikuwa namfulia shuka kabla jirani hajaamka, asije akaziona. Siku moja alitaka kutoka amevaa shati peke yake, nikasimama mlangoni nimegeuza uso ukutani, nikimsihi arudi ndani. Mambo haya binti hayasemi juu ya baba yake.

Kisha akaanza kuyatumia yale maneno. Jirani akimwamkia, anajibu, "Kofia, nyundo, chungwa, kijani." Jirani alidhani ni utani wa kinyozi, akamuuliza kama amefungua duka na bei zake zikoje. Mimi sikucheka. Jioni hiyo niliketi naye kitandani, nikamuuliza polepole Mama aliitwa nani. Alinyoosha mgongo kama mtoto aliyeitwa ubaoni, akayataja yote manne bila kukosea, halafu akanitazama akitabasamu, akingoja nimwambie vema.

Ndipo barua yako ikaja, na habari ya ufunguo. Nikafikiria wembe. Nikafikiria shingo ya mtu chini ya mkono wake.

Kaka, hili ndilo nililotaka kukuambia, na nimelizunguka kurasa mbili. Nilimwambia daktari. Safari iliyopita, Baba alipopelekwa kutolewa damu, nilibaki chumbani nikashindwa kuanza, mpaka daktari akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kwamba maneno yale amefundishwa. Nikamweleza mazoezi ya uani, simu za jioni, mashuka, yote. Nilisema ni wewe. Sikusema kukuumiza, nilisema kwa sababu aliuliza nani, na sikuweza kusema uongo tena.

Hakunifokea. Alimwita Baba, akampa maneno mengine mapya, wakazungumza kidogo juu ya mvua, kisha akayadai. Baba akajibu kwa sauti ya juu, "Kofia, nyundo, chungwa, kijani." Daktari alivua miwani, akaandika jibu hilo kwenye faili.

Baadaye aliniambia jambo ambalo sitalisahau. Alisema alama za Baba hazikuwa za Baba peke yake. Kwa alama hizo na za wenzake wangeamua wagonjwa wajao wapewe dawa zipi, na huenda baba wa mtu mwingine angepewa dawa isiyomfaa kwa sababu sisi tulimpenda wetu. Alisema tena kwamba wewe hukufanya ubaya, ulifanya ualimu.

Walimtoboa mgongoni, wakatoa maji ya uti wa mgongo, nikamshika mikono. Majibu yalitoka wiki iliyofuata. Damu ni safi kweli, lakini ndani ya maji yale virusi vimejaa. Wakati wote tuliposhangilia alama, vilikuwa huko kichwani vinaendelea na kazi yao. Wamembadilishia dawa. Nilimuuliza daktari kama kilichopotea kitarudi. Alisema kinaweza kusimama hapo kilipo, na tukibahatika kidogo kitarudi, lakini tungesema mapema ingekuwa afadhali. Hilo ni langu na lako, Kaka. Tuligawane.

Njiani kurudi Baba aliniuliza, "Nimefeli?"

Nikamwambia, "Hapana, Baba. Wamebadilisha maswali tu."

Akatikisa kichwa. Akasema angejua angesoma na hayo.

Nakuomba ukipiga simu usimuulize tena yale maneno. Muulize chochote kingine, na akinyamaza, nyamaza naye. Ufunguo nitaendelea kukaa nao. Ukinikasirikia nitaelewa, ila njoo ukasirike ukiwa hapa, maana peke yangu nimechoka, na shuka za Baba ni nzito zikilowa.

Jirani anakusalimu. Mwenye bucha anakusalimu pia, na anasema upande ule wa pili bado anamdai Baba. Nilitaka kukuletea na salamu za Baba mwenyewe, kwa hiyo kabla sijafunga barua nilishusha ile picha yako ya ukutani, nikampa, nikamuuliza huyu ni nani. Jina lako hakulipata. Alipitisha kidole gumba pembeni ya sikio lako, pale kwenye kioo, akasema, "Huyu nywele zimemzidi. Aje nimpunguze."

Nimekuandikia kama alivyosema. Neno hilo hakufundishwa na mtu.

Ni mimi mdogo wako,
unayeniita Bibi Kimya.