Kwa Mzee Yaani, Aliyesimamisha Picha

Babu, ni mwaka mmoja sasa, maana yake dunia imelizunguka jua mara moja nawe hupo kutukumbusha kwamba tumesafiri, tangu ulipobonyeza rimoti ukatuacha midomo wazi sebuleni. Hatujaifumba vizuri hadi leo.

Wateja wako walikuita Mzee Yaani, kwa sababu kila jambo lililokushangaza ulilianza kwa "Yaani…" na hukuwahi kulimaliza. Ulinyoa vichwa vya mtaa mzima kwa mkono usiotetemeka, lakini tangu ulipoanza kuangalia vile vipindi vya fizikia na ulimwengu kwenye diski, mashine ilizoea kunguruma hewani huku mteja akisubiri. Fundi baiskeli wa jirani bado anasimulia ulivyomwacha na nusu ya nywele, ukimweleza kwamba ukuta ule pale, ukiutazama kwa ndani kabisa, karibu wote ni nafasi tupu.

"Mzee, malizia upande wa kushoto kwanza," alikuomba. "Hiyo nafasi tupu itanisubiri."

"Yaani, hata wewe," ulimjibu. "Mtupu."

Ulikuwa mpole. Mtoto aliyeogopa mashine ulimhadithia jinsi mwezi unavyojitenga nasi polepole, akanyamaza kwa hofu kubwa zaidi, ukamnyoa.

Jumapili baada ya chakula cha mchana nyumba ilikuwa na sheria moja. Mtangazaji akitamka jambo zito, ulisimamisha picha, na hakuna aliyeruhusiwa kusema, kukohoa wala kwenda chooni mpaka likuingie na useme, "Haya, twende." Tulikaa hivyo, familia ya watu wazima wenye akili zao, tukimtazama mtangazaji aliyeganda. Baba Mdogo alikagua kucha. Shangazi alipumua kwa pua. Bibi peke yake aliendelea kufuma sweta, televisheni ameipa mgongo, akidai kwamba nyota zilikuwepo kabla hujainunua na zitakuwepo ikiharibika.

Katika kipindi cha mwisho mtangazaji alisema kwamba chuma kilichomo katika damu yetu kilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla jua halijawaka. Ulisimamisha picha. Ukatazama kidole ulichojikata kwa wembe siku iliyotangulia.

"Yaani, damu hii hii ninayoifuta kwa pamba…" ulisema.

Tukanyamaza, kama sheria ilivyotaka. Kimya kilipozidi, Shangazi alinong'ona, "Leo limemwingia kweli." Baba Mdogo akamkanyaga mguu asikuvurugie. Bibi alimaliza safu yake ya sweta, akakata uzi, ndipo akasema bila kugeuka, "Mume wangu, sema basi twende, chai inapoa."

Hukusema twende.

Daktari alitueleza kwamba moyo ulisimama ghafla, na hata kama tungeruka papo hapo tusingekurudisha. Sisi tulimwelewa. Bibi alimwitikia kwa heshima zote na hakumwamini hata kidogo. Alifunika televisheni kwa kitambaa, akatia rimoti mfukoni mwa koti lako jeupe la kazi, nyuma ya mlango wa chumbani, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuligusa. Kila tulipomgusia alijibu vilevile: "Nilikuwa karibu naye kuliko nyote, nami nikafuma."

Jumapili iliyopita tulikusanyika kuandaa kumbukumbu hii. Tulikuwa tunabishana juu ya picha yako, kama tutumie ile uliyofumba macho au ile unayomwelekeza mpiga picha mahali pa kusimama, Bibi alipoinuka akaingia chumbani. Alirudi amevaa koti lako, rimoti mkononi.

"Alikuwa hajamaliza," alisema. "Na mimi nimechoka kumwona amekaa hapo anangoja."

Alivuta kile kitambaa, akaketi kwenye kiti chako, akaigeukia televisheni kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe. Alibonyeza mwenyewe. Mtangazaji, ambaye tulikuwa tumemsubiri mwaka mzima amalize hoja yake, alisema: "Lakini kwanza, tuzungumzie vumbi." Shangazi alicheka hadi akalia, au alilia hadi akacheka, hatukuona mwanzo.

Baadaye mtangazaji akatueleza kwamba muda haupiti sawasawa kila mahali. Karibu na ardhi hupita polepole zaidi, kwa hiyo kichwa cha mtu aliyesimama huitangulia miguu yake kuzeeka, ingawa kwa kiasi kidogo mno.

Picha ikasimama.

Tuligeuka. Bibi alikuwa ameshika rimoti, macho mbele, mdomo wazi, kimya. Sheria ilikuwa palepale, Babu, lakini safari hii hakuna aliyeitii. Baba Mdogo aliruka meza. Shangazi alikamata mkono kutafuta mapigo, na katika ile patashika alikuwa amekamata wake mwenyewe. Mjukuu wako anayesoma shule ya bweni, bila kuombwa na mtu, akammwagia Bibi jagi la maji.

"Niacheni," Bibi alisema, maji yakichuruzika kwenye koti lako. "Nipo. Yaani… vichwa vyote vile alivyovinyoa, na mvi zote zile… Hebu kaeni. Nashangaa."

Tukakaa. Hakuna aliyekohoa. Alitazama ile picha iliyoganda kwa muda wake, akatazama mikono ya koti, kisha akajifuta uso nayo.

"Haya," alisema. "Twende."

Unakumbukwa na mkeo, ambaye rimoti sasa ni yake. Na wanao, Baba Mdogo akichechemea kidogo kwa sababu ya ile meza. Na wajukuu wako, mmoja akiwa bado hajasamehewa lile jagi. Na fundi baiskeli, nywele zake sawa pande zote na moyo wake mzito. Kipindi tumekimaliza, Babu. Kukukumbuka tunaendelea nako, na hapo hatutasimamisha kamwe.