Herufi L Kwenye Daftari la Mwalimu

Jumatatu, 2 Juni

Darasa la Kiingereza tena, saa tisa alasiri. Mwanangu Rehema nimemwacha kwa mama, kalala. Bado niko daraja la kwanza, mwezi wa nne huu.

Leo vyakula. Kila mtu asimame aseme kwao wanalima nini na wanakula nini. Nimesema vizuri kabisa, sentensi tatu bila kukwama. Tunalima mpunga. Tunapika wali. Mwanangu anapenda wali. Kiingereza kitupu. Wawili wa daraja la pili walikuwa wamekaa nyuma wakisubiri zamu yao. Wamecheka. Mama Kulwa, tunayekaa naye dawati moja, naye kacheka mpaka kajifunika uso na khanga.

Nimekagua gauni langu nyuma na mbele. Halijachanika.

Wanacheka nini?

Jumatano, 4 Juni

Mwalimu Masanja katangaza. Kuna loji ya watalii upande wa Lamadi, wanatafuta wanawake wawili wa mapokezi. Lazima uwe daraja la pili. Mtihani wa kupanda ni tarehe kumi na nane, wa mdomo, na mtu wa loji atakuwepo. Daraja la kwanza unajitaja wewe na vya kwenu. La pili unampokea mgeni na kumwelekeza. La tatu, anasema, unaweza hata kugombana. Mimi kwa Kisukuma nagombana vizuri tu.

Nataka hii kazi. Baba Rehema yuko Lingeka kwenye pamba ya kwao. Nimempigia, kasema tuone. Mimi sitaki tuone.

Tumejiandikisha saba. Mama Kulwa yumo.

Ijumaa, 6 Juni

Wenzangu wamepewa sentensi ndefu za kupokea wageni. Mimi Mwalimu kanipa kikaratasi chenye maneno manne. Red, road, rain, river. Maneno ya chekechea. River kanirudisha mara tano mbele ya watu. Mama Kulwa sentensi yake kaisema mara moja tu, kakaa. Nimeuliza nakosea wapi. "Endelea tu, mayu, utafika." Mayu, yaani mama, ndivyo Mwalimu anavyotuita wote.

Nitafika wapi, hakusema.

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimewahi. Nimemkuta Mwalimu na Mama Kulwa wameinamia daftari la mahudhurio. Nilipoingia wakanyamaza. Mama Kulwa kanisalimia mwadila kwa sauti kubwa kuliko siku zote, kama mtu anayeficha kitu.

Mwalimu katoka kufuata chaki. Nimechungulia. Najua si vizuri. Pembeni ya jina langu, kwa kalamu nyekundu, herufi moja. L. Kwa Mama Kulwa hakuna kitu.

Jumanne, 10 Juni

Kamusi nimeiazima kwa binti wa jirani anayesoma sekondari. Rehema ananyonya, mimi natafuta. Late: sijachelewa hata siku moja. Lazy: mvivu. Liar: mwongo. Leave: ondoka.

Nimeifunga. Ni hiyo ya mwisho. Wameshaamua, wananisubirisha tu.

Mama kauliza mbona nimekunja uso. Nimesema jua.

Jumatano, 11 Juni

Mama Kulwa kaniletea michembe. Viazi vikavu vizuri, vitamu kwa macho. Kisha kama utani: "Kwenye mtihani wewe sema ugali, shoga yangu. Achana na wali." Kwa nini? Kacheka, kaenda zake.

Kwa hiyo hata chakula cha kusema ananichagulia. Anataka niharibu ili nafasi ziwe zake. Michembe kala Rehema. Mimi sijagusa.

Ijumaa, 13 Juni

Sikwenda darasani. Nimeshinda uani na mama, tunageuza mpunga kwenye turubai. Nimemsema Mama Kulwa maneno mabaya. Nashukuru Rehema ana miaka miwili, hatayakumbuka.

Jumatatu, 16 Juni

Nimebaki baada ya wenzangu kutoka. Nimemuuliza Mwalimu usoni. Hiyo L ni ya nini? Kama ni kunifukuza, anifukuze leo.

Kachukua chaki. Kisha kaandika ubaoni: rice, lice.

"Soma, mayu."

Nimesoma.

"Rudia."

Nimerudia. Mimi nasikia neno moja, mara mbili. Kasema ndiyo hapo penyewe. La kwanza ni wali. La pili ni chawa.

Chawa.

Nimesimama mbele ya watu wazima nikasema kwetu tunalima chawa, tunapika chawa, na mwanangu anapenda chawa.

Sikulia. Hasira zimetangulia. Mbona hamkuniambia? Kasema alitaka ulimi uzoee kwanza kwa red na river, maana mtu akitajiwa hilo kosa mapema anaogopa hata kufungua mdomo. Siku ile ya daftari Mama Kulwa alikuwa anambana aniambie.

Kanifungulia lile daftari. L ziko nne, za sisi tunaosema L penye R. Na ndani ya jalada kaandika jina lake mwenyewe, Masanja, na L pembeni. Anasema aliposoma chuo alisimama kuongoza sala. Akasema let us pray. Watu wakasikia play, tucheze. Kwao ni Ipililo. Kule kama kwetu, sauti ya R mtu anakutana nayo shuleni.

Jumanne, 17 Juni

Leo nimejisikiliza. Mimi nasema kalibu. Nasema habali. Miaka yote hii! Mama ananiita Loda tangu nizaliwe, shuleni niliandikwa Roda, nikadhani ni kitu kimoja.

Nimekwenda kwa Mama Kulwa. "Nilidhani unajua!" kasema. "Nikasema huyu leo kaamua kutuvunja mbavu. Kuja kugundua hujui, nikashikwa na aibu." Yeye kwao Musoma, kaolewa tu huku, R zake zinamwagika zenyewe. Nimemwamini nusu.

Kesho nitasema ugali na samaki, niwe salama. Ila nimekumbuka swali la kwanza ni jina. Jina nitalikwepaje?

Jumatano, 18 Juni

Mtu wa loji ni mama mmoja wa miwani. Kauliza jina. Nimerudisha ulimi nyuma kama Mwalimu alivyonionyesha, usiguse popote. Roda. Imetoka kwa kishindo, kama naendesha pikipiki, lakini imetoka.

Kwenu mnakula nini? Ugali ulishafika mdomoni. Nikamwona Mama Kulwa pale kwenye benchi, kauma khanga, anasubiri. Nikasema rice. Polepole, kama mtu anayeshusha ndoo kichwani.

Mama wa miwani kaandika kitu. Nimeuangalia mkono wake. Ulikwenda mbali, zaidi ya herufi moja.

Ijumaa, 20 Juni

Daraja la pili. Loji wametuchukua, mimi na Mama Kulwa, kwa majaribio kuanzia mwezi ujao. Barua nimeisoma mara tatu nikitafuta mtego. Mwalimu kaniachia daftari nitazame mwenyewe. L bado ipo. Mbele yake kaweka 2, daraja langu jipya.

Jumapili, 22 Juni

Tumetoka kanisani. Jua zuri, upepo kidogo. Jana nilimpelekea Mama Kulwa mchele mpya, kapokea bila utani wowote.

Mama yuko kwenye turubai. "Loda! Njoo tugeuze." Nimeitika.

Rehema kachota mpunga kwa mikono miwili anawarushia kuku, na kila akirusha anaimba neno aliloliokota kwangu wiki hizi nikijifunza. Lice, lice, lice. Kuku wanakula.

Leo sijamsahihisha.