Mume Wangu Kaziba Mlango wa Ziwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, wala usinicheke kama anavyonicheka mwalimu wa chuoni anayeniandikia barua hii. Mimi ni Zamda, mke wa Mwinyimvua, tunakaa kando ya ziwa bondeni Rufiji, na mume wangu karudi kutoka vita vya Maji Maji mifupa mitupu, wenzake waliambiwa risasi zitageuka maji wakafa mbele ya macho yake, tangu hapo haamini neno la mtu, hata langu, nami nampenda hivyo hivyo. Kwa kuwa ghala zimechomwa na njaa imeingia kila nyumba, amejenga wando, uzio wa matete, akaziba mfereji wote ambao samaki hupitia kutoka mtoni kuingia ziwani, na jioni hurudi na perege huku anaimba, sikuwahi kumsikia akiimba tangu arudi, lakini mpaa magamba ni mimi, na kila nikifungua kinywa cha perege jike nakuta watoto tele, ndimo anamowalea, nikamwambia, "Baba Johari, tunakula samaki wa mwakani," akanijibu, "Njaa ni ya leo." Basi kila alfajiri nachomoa matete samaki wapite, naye akikuta tundu anasema Salumu jirani yetu anamwibia, jana kaapa kumshtaki kwa akida achapwe viboko hamsa ishirini, nikisema kweli nitamvunja moyo, nikinyamaza Salumu ataumia, nifanyeje?

Zamda mwanangu, nilikuwa nakuhurumia mpaka ulipomtaja Salumu. Unamwacha mtu achapwe viboko kwa ajili ya wema wako? Nenda kwa mumeo leo hii, kabla hajafika kwa akida, umwambie, "Ni mimi." Atafoka. Mwache afoke, kisha mtilie maji ya kuoga.

Habari ya samaki usimweleze tena. Mtu aliyeambiwa maji yatamkinga, kisha akawazika wenzake, masikio yake yamechoka, wala hana kosa. Mshike mkono mwende wandoni, mkamate perege jike angali hai, mfungulie kinywa ndani ya maji, watoto watoke aone kwa macho yake. Wewe nyamaza, najua itakuwa kazi.

Akishaona, mwombe afungue nusu ya mfereji mpaka mafuriko ya mto yapungue, perege wenye watoto wapite, na huku atege migono, vile vikapu vya kunasia kambare, msilale njaa. Na Salumu mpelekeeni kitoweo, nyinyi wawili, msimtume mtoto. Mumeo abebe samaki, wewe useme.