Fyuzi Iwe Mfukoni Mwako

Mkwe wangu mpendwa,

Barua yako imefika. Mama mkwe wako ameisoma mara tatu kwa mshumaa, akacheka peke yake kusikia mjukuu ameanza kuota meno.

Umeuliza namna ya kubadilisha soketi ya jikoni. Zima swichi kuu, chomoa fyuzi, itie mfukoni mwako. Kisha jaribu kila waya kwa testa kabla hujashika. Fyuzi usimwachie mtu, hata anayekupenda.

Mumeo nilimfundisha ufundi mimi mwenyewe, na sharti hilo la fyuzi alilijua. Siku ile alipozima swichi kuu akapanda ngazi kufunga taa ya sebuleni, nilimuuliza mbona hajachomoa fyuzi. Akacheka. "Ya nini, baba? Si upo wewe?"

Nikapitiwa na usingizi chumbani. Nikaamka na jasho, feni imesimama, nikaenda nikawasha swichi kuu. Ndipo nikamsikia akianguka.

Watu walisema umeme ulirudi wenyewe. Niliwaacha waseme, na wewe makaburini ukanishika mkono ukanipa pole.

Fyuzi ya nyumba hii ninayo mfukoni tangu siku ile. Mama mkwe wako ameacha kuuliza lini nitairudisha.

Ni mimi,
baba wa mumeo